Bafe: Nyoka Asiyekimbia

Nyoka wengi wakisikia mshindo wa miguu hutoroka. Bafe hatoroki. Hujilaza kimya kando ya njia, rangi yake ikifanana na majani makavu na mchanga, akimngoja panya apite. Watoto wanaochunga mbuzi, kuokota kuni au kwenda msalani usiku humkanyaga bila kumwona. Usitegemee mbwa wako akutangulie. Watafiti wa Afrika Kusini walijaribu mbwa waliofundishwa kunusa, nao wakashindwa kutambua harufu yake.

Watoto, mtamjuaje? Bafe ni mnene, urefu wake kama mita moja hivi. Kichwa ni kipana, na mgongoni ana alama mfano wa herufi V. Wengine humwita moma au kifutu. Akiudhika huvuta hewa, akatunisha mwili na kufoka kama gurudumu linalotoka upepo. Jamaa yake wa Marekani hutikisa mkia ukalia kama kayamba. Wa kwetu ana mfoko tu. Ukiusikia, simama, tazama alipo, kisha rudi nyuma polepole. Usimrushie mawe.

Bafe hatagi, huzaa, mara nyingi watoto 20 hadi 40. Mmoja aliyetoka Kenya, akiwa katika bustani ya wanyama nchini Cheki, alizaa 156 kwa mpigo mmoja! Na kila mtoto huzaliwa na sumu yake, kwa hivyo mdogo pia si wa kuchezea.

Usiku tembea na tochi na uvae viatu vilivyofunika mguu. Kuni zigeuze kwa fimbo kabla ya kuziinua.

Wazazi, sumu ya bafe huharibu nyama ya mwili. Mahali palipoumwa huvimba sana na kuuma, na nyama inaweza kufa. Msifunge kamba: huzuia damu, na mtoto anaweza kupoteza mguu. Msichanje, msinyonye, wala msipoteze saa mkibandika jiwe jeusi. Mvueni viatu, pete na bangili kabla hajavimba. Asitembee. Mpelekeni mara moja hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Kama kuna simu, ulizeni kwanza kama wanayo. Gari likikosekana, bodaboda inafaa: mtoto akae katikati, mtu mzima amshike kwa nyuma.