Slaidi yenye ukungu usiifute kwa maji



Juzi ndugu yetu mmoja wa Houston alinipigia simu kwa majonzi. Ana kasha la slaidi za Tanga za miaka ya 1970, alizoachiwa na marehemu baba yake. Mafuriko ya Kimbunga Harvey, Agosti 2017, hayakulifikia kasha, ila unyevu wa kabatini uliziotesha ukungu. Akachukua kitambaa kibichi, akafuta moja. Ukungu ukatoka, na sura ya baba ikatoka nao.

Kwa nini? Picha ya slaidi imo ndani ya tabaka jembamba la gelatini, kitu kitokanacho na ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa ukungu hicho ni chakula. Gelatini iliyoliwa inayeyuka kwenye maji. Na slaidi haina negativu: hiyo uliyoshika ndiyo picha yenyewe. Ikifutika, basi tena.

Ufanyeje sasa?

1. Piga skani kwanza, hata kama ni chafu.

2. Zikaushe siku kadhaa mahali pakavu penye kiyoyozi. Ukungu ukikauka, vaa barakoa, kaa penye hewa, uupanguse kwa brashi laini sana na pampu ndogo ya mpira. Usipulize kwa mdomo. Mate nayo ni maji.

3. Uchafu uliobaki, tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 98 au zaidi, mbali na moto. Ile ya kusafishia vidonda, ya asilimia 70, theluthi yake karibu yote ni maji! Asetoni usiiguse kabisa, inaharibu filamu. Jaribu kwanza kwenye slaidi usiyoijali. Pitisha pamba taratibu bila kukandamiza, hasa upande uliofifia, maana huko ndiko iliko picha.

Alama ambazo ukungu umeshachimba hazitoki jamani. Hizo ni kazi ya kompyuta.

Je, zikilowa mafurikoni, kabla ya ukungu? Hapo mambo ni mengine: usiziache zikauke zimegandana. Ziweke kwenye maji safi ya baridi, uzitenganishe na kuzianika moja moja ndani ya saa 48.

Houston ina unyevu kama Tanga, lakini sisi wa Dallas tusijidai: joto la darini kwetu nalo linaua rangi. Zitoeni huko, mziweke chumba mnacholala.

Nawasilisha.