Nyumba ya Udongo ya Kajiado: Itengenezwe, Lakini Asili Ibaki

Zikitajwa nyumba za kale hapa Kenya, sisi watu wa pwani mara moja twaikumbuka Lamu, na Mji wa Kale wa Mombasa, na magofu ya Gedi. Twazikumbuka kuta nene za mawe ya matumbawe, zidaka, milango ya nakshi na boriti za mikoko. Ni nadra mmoja wetu kufikiri kwamba huko bara nako, katika nchi ya nyasi na vumbi, iko nyumba ya asili yenye kanuni zake, adabu zake na mafundi wake. Nyumba hiyo leo imo katika shida ile ile iliyozikumba nyumba zetu: ikitengenezwa ili iendane na wakati, ni kitu gani kibadilishwe, na kitu gani kisiguswe?

Tunayoisema ni nyumba ya Wamasai, na mahali pazuri pa kuitazama ni Kajiado. Msafiri atokaye Mombasa, akifika Athi River, hukata kushoto akashika njia ya Namanga. Kwanza hupita Kitengela, mji uliojaa maghorofa, maduka na nyumba za kupanga. Halafu hupita Isinya, na mwisho huingia mji wa Kajiado wenyewe, kiasi cha kilomita 80 kutoka Nairobi. Jina la Kajiado limetokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya mto mrefu. Nje ya miji hiyo, mbali na barabara, ndipo zilipo boma ambazo wengi huziita manyatta, ingawa kwa Wamasai wenyewe manyatta hasa ni kambi ya morani. Boma la watu wenye familia zao huitwa enkang, na nyumba moja ndani yake huitwa enkaji.

MJENZI NI MWANAMKE

Tumesema nyumba ya Wamasai, lakini ingefaa zaidi tuseme nyumba ya mwanamke wa Kimasai. Yeye ndiye aijengaye tangu mwanzo hadi mwisho. Husimamisha miti, hufunga fito, akakandika kwa mchanganyiko wa udongo, majivu na mavi ya ng'ombe. Ikipasuka, yeye ndiye aizibaye. Mume mwenye wake kadhaa hana nyumba yake peke yake. Kila mke ana yake, na mume huingia kwa huyu au kwa yule. Hata mahali pa kujenga pana utaratibu: mke wa kwanza hujenga upande wa kulia wa lango la boma, na wa pili upande wa kushoto.

Nyumba yenyewe ni ndogo. Aghalabu urefu wake ni kiasi cha mita tano na upana mita tatu, na paa lake ni la chini, kiasi cha mita moja na nusu, hata mtu mzima hulazimika kuinama. Katikati pana mafiga, na pembeni vitanda vya fito vilivyotandikwa ngozi. Ndama wadogo nao wana pao pa kulala.

Jambo litakalomshangaza mtu wa Lamu ni mlango. Haufunguki moja kwa moja ndani. Mgeni huingia katika ujia mwembamba uliopinda, kisha ndipo afike penye moto. Upepo hauingii kwa nguvu, na macho ya apitaye nje hayafiki ndani. Sasa na tuikumbuke nyumba ya mawe ya Lamu: kwanza daka, kisha tekani, kisha kona, ndipo mtu atokee kiwandani. Waashi wa Lamu hawakufundishwa na wanawake wa Kajiado, wala hawa hawakufundishwa na wale. Lakini kila upande ulijua kwamba nyumba isiyo na sitara si nyumba.

KILICHOLETA MABADILIKO

Nyumba hii iliwafaa watu wa kuhama. Malisho yakiisha, waliweza kuiacha na kujenga nyingine kwingineko, kwa mikono yao wenyewe na kwa vitu vilivyopatikana pale pale. Msomaji wa Kurani atakumbuka kwamba katika Sura An-Nahl zimetajwa pamoja nyumba za kutulia na nyumba nyepesi za watu wa safari, zote zikihesabiwa katika neema za Mwenyezi Mungu. Basi tusiione nyumba ya mfugaji kuwa ni kibanda cha mtu aliyeshindwa kujenga.

Lakini nchi ya kuhamia imepungua. Kwa mikataba ya mwaka 1904 na mwaka 1911, serikali ya Kiingereza iliwatoa Wamasai katika malisho yao ya kaskazini na kuwakusanya kusini. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 iliweka ardhi mikononi mwa vikundi vya wafugaji vilivyoandikishwa. Baadaye ardhi ya vikundi hivyo nayo ikaanza kukatwa vipande, kila mwanachama akapewa hati yake. Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Waliopata vipande, wengi waliviuza, na mji ukapanda juu ya malisho.

Mtu mwenye kipande kimoja hahami tena. Akitulia mahali pamoja, nyumba iliyojengwa ili idumu miaka michache hutakiwa idumu umri mzima. Hapo ndipo kasoro zake zilipoonekana. Paa la udongo na mavi huvuja mvua ikizidi, na mwanamke hulazimika kutoka, hata usiku, akazibe. Moshi wa mafiga hauna pa kutokea, nao huwadhuru macho na mapafu mama na watoto wachanga, ambao ndio wakaao ndani saa nyingi. Tena miti ya kujengea imekuwa adimu. Haitoshi basi kumwambia mwenyewe aiache nyumba kama ilivyokuwa zamani kwa sababu sisi twapenda kuiona.

NJIA YA TATU

Wengi walioweza waliivunja enkaji na kusimamisha chumba cha mraba cha mabati. Bati halivuji, na maji ya mvua yaweza kukingwa. Lakini nchi ya Kajiado ina jua kali mchana na baridi usiku, na bati tupu hupokea vyote viwili na kumpa mtu aliye ndani. Udongo hauna tabia hiyo.

Ilikuwapo njia ya tatu, nayo ilijaribiwa huko huko Kajiado. Katika miaka ya 1990, shirika la Intermediate Technology Development Group, ambalo siku hizi huitwa Practical Action, lilifanya kazi pamoja na vikundi vya wanawake wa Kimasai ili kuitengeneza nyumba yao bila ya kuiondoa. Ukuta wa kukandika ulibaki. Paa liliinuliwa ili mtu aweze kusimama. Juu yake uliwekwa waya wa kufugia kuku na kupakwa tabaka jembamba la saruji, nao mfereji ukingoni ukapeleka maji ya mvua katika tangi. Madirisha yaliongezwa ukubwa. Kati ya mwaka 1998 na mwaka 2001 shirika hilo lilishughulikia pia moshi, katika nyumba 50 za Kajiado na za magharibi mwa Kenya. Juu ya mafiga ilitundikwa kofia kubwa ya bati yenye bomba la kutokea nje, na penye kofia hizo moshi wa ndani ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Tutazame kilichoguswa na kilichoachwa. Kilichoguswa ni kile kilichowaumiza watu: uvujaji, giza, moshi na kuinama. Kilichoachwa ni ukuta unaokinga joto na baridi, mafiga katikati ya watu, na zaidi ya yote, mkono wa mwanamke, kwa sababu wao ndio waliokaa wakaamua nini kibadilike, na wao ndio waliofanya kazi.

SARUJI NA NYUMBA ZETU

Sisi wa pwani tulipoanza kutengeneza nyumba zetu hatukuwa na busara hiyo kila mara. Ukuta wa matumbawe ulijengwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: unyevu upandao kutoka ardhini hupata njia ya kutoka. Fundi akija na saruji akaupaka ukuta huo kote, unyevu pamoja na chumvi yake hufungiwa ndani. Baada ya miaka michache plasta hubambuka, na jiwe la ndani huanza kumomonyoka. Mwenye nyumba humlaumu babu yake kwa kujenga vibaya, kumbe mwenye kosa ni ile dawa. Ndiyo maana kazi za kuhifadhi Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, husisitiza kurudia chokaa na boriti.

Saruji yenyewe haina hatia. Kiwanda kikubwa cha saruji kiko Athi River, hapo mlangoni pa Kitengela, na mawe ya chokaa huchimbwa katika ardhi ya Kajiado. Kwenye paa la enkaji, tabaka lake jembamba lilimwondolea mama taabu ya usiku. Kwenye ukuta wa matumbawe hugeuka maradhi. Atengenezaye nyumba ya kale hana budi kwanza kuuliza nyumba hiyo hufanyaje kazi, ndipo afungue mfuko.

NYUMBA NI YA NANI?

Liko swali jingine, kubwa kuliko la vifaa. Enkaji ni ya mwanamke kwa sababu ameijenga. Nyumba ya mabati au ya mawe hujengwa na fundi wa kulipwa, kwa fedha ambazo mara nyingi ni za mume, juu ya kipande ambacho hati yake mara nyingi ni ya jina la mume. Mke aliyekuwa mwenye nyumba huweza kuamka siku moja akajikuta ni mkaaji tu. Hakuna aliyemnyang'anya kwa nguvu. Zimebadilishwa kuta, na haki yake ikatoka pamoja na udongo.

Watu wa Lamu hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Kwa desturi ya wenye nyumba za mawe, baba alimpa binti yake nyumba au sehemu ya nyumba alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwake. Nyumba ya namna hiyo ikiuzwa kwa mgeni, au ikigeuzwa hoteli, milango ya nakshi huweza kubaki na zidaka zikapakwa chokaa safi, lakini ile kinga ya binti imekwisha.

Sheria ya nchi imeliona jambo hili kwa sehemu. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rehani au kukodishwa bila ya idhini ya maandishi ya mume na mke, nayo inawaruhusu Waislamu kufuata sharia yao katika mali ya wanandoa. Lakini sheria hufika mtu akishafika mahakamani. Wakati mzuri wa kulinda haki ni siku ya kujenga: mume na mke wakae, waandike nyumba hii ni ya nani, kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanamke wa Kajiado ameziba nyufa miaka mingi kwa mkono wake, na kila alipoziba alithibitisha kwamba nyumba ni yake. Akiwekewa paa lisilovuja na kofia ya kutolea moshi, ni heri, amestahili kupumzika. Ajaye kumwekea na amwachie nyumba, na sisi wa pwani tunapopaka kuta za mabibi zetu, tuwaulize kwanza mabinti zao.