Picha ya ajali isifunge njia ya habari

Ndugu mfanyakazi, fishi ya kutangaza ajali inaweza kujazwa kwa telefoni. Ndani yake kuna nafasi ya kutia picha au cheti cha munganga. Anayetengeneza fishi katika biro ndiye anayeipa nafasi hiyo sheria zake.

Akiandika kwamba picha ni ya lazima, fishi isiyo na picha haitoki. Sasa jiwe limeanguka chini ya udongo, nawe huna telefoni pale: utapiga picha gani? Habari inabaki kwako, na ekipi ya usiku inaingia mahali palepale! Kwa hiyo mtangazaji asilazimishwe. Lazima iwekwe mbele, kwenye hatua ya shefu wa usalama: bila cheti, asiweze kufunga dosie.

Uzito nao uangaliwe. Picha moja ya telefoni mara nyingi inafika megaokte 3 au 5. Nafasi inayopokea 2 tu itaikataa. Afadhali 10, na picha zaidi ya moja. JPEG na PDF zinatosha.

Nanyi mama wa nyumbani, mkitumwa kupiga picha cheti, herufi zote zisomeke. Kukiona ni kazi ya munganga na shefu anayehusika, si ya biro nzima.