Reli ya Ubundu na Rekodi Zake

Anayeshuka ndege Bangboka huingia Kisangani mjini bila kuona reli hata moja. Stesheni iko ng'ambo ya mto, Lubunga, na kuifikia ni lazima uvuke. Huko ndiko inakoanzia njia ya treni ya kwenda Ubundu, yenye sifa zisizopatikana kwingine nchini.

Fupi kuliko dada zake. Kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilijenga reli tatu za kuziba mapengo ya usafiri wa meli mashariki mwa Kongo. Kindu–Kongolo ina kilomita 355, Kabalo–Kalemie 273. Hii ni 125 tu, zinazotosha kuyakwepa maporomoko saba ya Boyoma.

Ya kwanza kati ya hizo tatu. Ilifunguliwa mwaka 1906, Ubundu ikiitwa Ponthierville. Matadi–Kinshasa ya 1898 ni kongwe zaidi, ila ilijengwa upya na kupanuliwa kati ya 1923 na 1932.

Ya pekee kwa upana. Hapa chuma na chuma vimeachana mita moja kamili. Kindu na Kalemie ni mita 1.067. Tofauti ni sentimita chache, lakini behewa la huko haliwezi kukanyaga reli ya Lubunga, wala kichwa cha treni hakiazimwi. Upekee huo ndio urithi wenyewe, na ndio ugonjwa wake.

Iliyo karibu zaidi na sinema. Mwaka 1951 John Huston alipiga sehemu ya *The African Queen* kwenye mto Ruiki, si mbali na Ponthierville. Filamu hiyo ilimpa Humphrey Bogart tuzo yake pekee ya Oscar.

Yenye msiba mzito. Tarehe 4 Mei 1997 wakimbizi wa Rwanda walishindiliwa kwenye mabehewa huko Biaro, kilomita 41 kutoka Kisangani. Treni ilipofika Kisangani, watu wapatao 90 walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa na kukanyagana.

Nairobi, jiji lililozaliwa na reli, lilifungua jumba la makumbusho ya reli mwaka 1971, na vichwa vya mvuke vimepumzishwa humo. Lubunga haifai kuiga hilo kwanza. Reli hii bado ina kazi: maporomoko hayajaondoka, na mzigo wa Ubundu ukikosa treni hupanda baiskeli. Vipuri, mafuta na watu wa kufyeka njia vitaihifadhi kuliko kibao chochote cha ukumbusho.