Kompyuta ya mtoto, namba ya siri ya mama

Tuanze na mfano, na ukijiona humo usishtuke, si wewe tunayekusema. Mama anakaa Mishomoroni, kule Kisauni. Amejinyima miezi kadhaa, amenunua laptopu ya mtumba mjini ili kijana wake wa miaka saba apate kusomea. Jumamosi jioni mama yuko jikoni na viazi karai, simu iko mezani inachajiwa, mtoto anacheza. Mchezo unamwambia: ukitaka gari jipya, weka namba ya simu. Namba ya mama anaijua kwa moyo. Alifundishwa ili akipotea kwenye feri ya Likoni ajue la kumwambia askari. Anaiandika. Simu inalia, inaomba namba ya siri. Nayo anaijua, maana yeye ndiye anayetumwa dukani na simu kila siku kununua unga na maziwa. Kabla kiazi hakijageuzwa, pesa zimeshaenda.

Hapo hakuna aliyedukua chochote. Mtoto hajaiba pia. Kwake yeye, kubonyeza tarakimu nne ndiyo kununua, kama anavyofanya dukani. Lakini malipo yaliyothibitishwa kwa namba ya siri sahihi huhesabika kuwa ni yako, na kumfuatilia mpokeaji aliye nje ya nchi si jambo la siku moja. Tupigie haraka likikutokea, lakini hatuwezi kukuahidi kwamba zitarudi zote.

Kwa hivyo tukiulizwa namna ya kumwekea mtoto mipaka kwenye kompyuta, jibu letu la kwanza liko kwenye simu. Badilisha namba ya siri, na hiyo mpya usimpe mtoto hata akiwa na adabu namna gani. Mwaka wako wa kuzaliwa usiutumie, wala 1234. Dukani mpe noti, au mpigie mwenye duka utume mwenyewe ukiwa nyumbani. Namba ya simu mwache aendelee kuijua, hiyo itamfaa. Na simu yenyewe iwe na kifungo chake cha skrini, usiiache wazi.

Sasa turudi kwenye laptopu. Ya mtumba mara nyingi inakuja na akaunti moja tu, ya mwenye kompyuta, isiyo na nenosiri. Mtoto akiingia kwa akaunti hiyo anaweza kufuta, kuweka na kubadilisha chochote, na mipaka yote utakayoweka ataivua mwenyewe. Kwenye Windows akaunti hiyo inaitwa "Administrator". Iwekee nenosiri, iwe yako. Kisha fungua mipangilio, nenda sehemu ya akaunti, halafu ya familia, umtengenezee mtoto akaunti yake. Utahitaji barua pepe yako na yake, na umri wake andika wa kweli. Wazazi wengi wanaongeza miaka ili kazi iishe haraka, kumbe ndio wanaofungua mlango.

Ukishamaliza utapata uwezo wa kupanga saa, kuzuia programu, na kuamua tovuti zipi afungue. Kwa mtoto wa miaka saba sisi tunapenda njia ya orodha: zinafunguka zile ulizoruhusu, nyingine zote zimefungwa. Ukianza kuzuia mbaya moja moja hutamaliza, zinazaliwa mpya kila siku. Kumbuka kwamba kichujio hicho kinafanya kazi kwenye kivinjari cha Edge, kwa hiyo vivinjari vingine kwenye akaunti yake vizuiwe. Kuna pia mpangilio unaotaka kila ununuzi kwenye duka la Microsoft uombwe kwako kwanza. Uwashe. Lakini hauhusiki na tovuti inayotuma ombi la malipo kwenye simu yako, kama ile ya mfano wetu. Huko kinachokulinda ni namba ya siri.

Wakati huo huo angalia Windows yenyewe ni ipi. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mtumba nyingi bado zinauzwa nayo. Muulize muuzaji kabla hujatoa pesa kama mashine hiyo inakubali Windows 11.

Na je, ni lazima mtoto awe na intaneti? Wengi hawajiulizi. GCompris ni programu ya bure yenye michezo mingi ya hesabu, herufi na kuchora kwa watoto wa miaka miwili hadi kumi, na ukishaiweka haihitaji bando. Kwa nyumba inayotegemea hotspoti ya simu ya baba, huo ni uokozi. Siku mtoto atakapohitaji intaneti, weka hotspoti hiyo kuwa muunganisho wenye kipimo kwenye mipangilio ya mtandao, la sivyo Windows inaweza kuanza kujisasisha na bando la wiki likaisha kabla ya magharibi.

Jambo moja linasahaulika sana. Kama wewe pia unatumia kompyuta hiyo, kwenye kivinjari chako kuna kadi ya benki uliyohifadhi, na pengine WhatsApp au meseji za simu umeziunganisha humo. Nambari za uthibitisho zinazotumwa kwa meseji zinaonekana papo hapo kwenye skrini, mbele ya yeyote aliyekaa. Futa kadi, tenganisha simu, na ukiinuka funga akaunti yako.

Tunasema "yeyote" kwa makusudi. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba nyumba zenye kompyuta, laptopu au kishikwambi hazikufika moja kati ya kumi nchini. Maana yake yako ni ya mtaa. Binamu anakuja kutoka Changamwe likizoni, ana miaka kumi na minne, anajua tovuti za kubahatisha ambazo sheria inazikataza kwa walio chini ya 18. Mfungulie akaunti yake, naye pia. Kompyuta ikae sebuleni, skrini ikitazama watu.

Halafu zungumza na mtoto. Mwambie ikitokea kitu kinaomba namba, jina la shule au picha, aite mtu mzima, na siku atakapokuita usimgombeze. Akipigwa kwa kosa la kwanza, la pili hutaliona. Likiwa ni zito zaidi, kama mtu mzima anamtumia picha au anamtaka wakutane, piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto Kenya.

Kubadilisha namba ya siri, fungua menyu yetu, chagua akaunti yangu. Inachukua dakika moja, na uifanye mtoto akiwa amelala.