Dhahabu Inayonasa Zebaki

Kwenye mialo ya wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, zebaki ina kazi moja: kukamata dhahabu. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa, na mchanga mzito unaobaki hukandwa kwa zebaki ndani ya beseni. Chembe za dhahabu hushikamana na zebaki zikawa donge la rangi ya fedha. Donge likichomwa, zebaki hupaa na dhahabu hubaki. Zebaki nyingine humwagwa pamoja na maji ya beseni, na hapo ndipo mkemia anapoanza kuitafuta.

Si kazi ndogo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 6 za zebaki isokaboni kwa lita, yaani gramu 6 katika lita milioni moja. Mto ambao haujachafuliwa huwa na nanogramu chache tu kwa lita, karibu mara elfu moja chini ya hapo.

Kwa viwango hivyo, anayechota sampuli anaweza kuichafua yeye mwenyewe. Utaratibu wa Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, unataka watu wawili: mmoja, "mikono safi", hushika chupa na maji ya sampuli, mwenzake, "mikono michafu", hufungua mfuko wa nje na kubeba vifaa. Chupa tupu ya maji ya dukani haifai hata ikisuuzwa mara kumi, kwa sababu mvuke wa zebaki hupenya plastiki ya kawaida na zebaki iliyomo kwenye maji hunata ukutani mwa chupa. Hutumika kioo au teflon iliyooshwa kwa tindikali. Chupa nyingine yenye maji safi ya maabara husafirishwa hadi machimboni, ikafunguliwa palepale na kurudishwa. Ikikutwa na zebaki, sampuli zote za siku hiyo zinatiliwa shaka. Pengine kuna mtu alikuwa akichoma donge upande upepo unakotokea.

Maabarani, maji hutiwa bromini kloridi ili zebaki yote iwe ya namna moja, kisha kloridi ya bati huirudisha kuwa metali. Gesi hupulizwa ndani ya maji na kuubeba mvuke wa zebaki hadi kwenye mrija uliojaa mchanga uliopakwa dhahabu. Safari hii dhahabu ndiyo inayokamata zebaki! Mrija ukipashwa moto, zebaki huachiwa kwa mkupuo mmoja na kumulikwa kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 253.7. Atomi zake hung'aa, na kadiri zinavyong'aa ndivyo kiasi kinavyojulikana, hata kikiwa chini ya nanogramu 1 kwa lita.

Lakini hata kipimo sahihi cha maji kinaweza kumpotosha msomaji wa ripoti. Zebaki hupenda kushikamana na tope na kuzama nalo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa jiolojia kutoka Uingereza waliofika Rwamagasa, Geita, chini ya mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, hawakuishia kwenye maji. Walichukua tope la vijito, marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa), udongo wa mashamba na samaki. Ndani ya tope, bakteria huweza kuigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ile iliyowaangamiza watu wa Minamata huko Japani, nayo huongezeka kutoka mdudu hadi samaki mdogo, hadi samaki mkubwa anayekula wenzake. Huyo hupimwa nyama yake, si maji aliyoogelea.