Safari ya Kwenda Kuliona Garimoshi

Wasomaji wetu walio na watoto nyumbani wanajua ya kuwa ahadi apewayo mtoto haisahauliki. Sisi tuliahidi mwezi wa Januari, kwa maneno mepesi ya wakati wa chakula, kwamba siku moja tutakwenda sote Gulwe kuliona garimoshi jipya la umeme, lile lililoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024. Watoto wetu ni watatu. Lakini mama yetu naye alikuwapo akasikia, hata ikawa ahadi ya watu wanne. Mama yetu amepita miaka 80. Watoto walitaka kuona kitu wasichopata kukiona. Yeye alitaka kuona kitu kilichomtoroka.

Maana wako wengi hapa Kongwa, hata waalimu, wasiojua ya kuwa garimoshi lilipata kufika kwetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga, na Kongwa ikawa mahali pa kwanza. Yaliletwa matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Na tawi la reli likajengwa kutoka Msagali, kwenye Reli ya Kati, mpaka huku. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya kula kama pauni milioni 36. Miaka michache baadaye reli nayo ilifungwa. Mama yetu alikuwa kitoto wakati ule. Akumbuka kelele za honi, na kukatazwa kusogea karibu, na ya kwamba siku moja lilikwenda lisirudi.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa Machi tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa gari la kukodi. Tulikuwa na viazi vitamu, chapati, chupa ya chai, na karanga za kukaanga, ambazo mama alizifunga mwenyewe katika kitambaa akacheka peke yake. Kutoka Kongwa mpaka Mpwapwa ni kama kilomita 30, na Gulwe iko mbele kidogo, upande wa kusini. Tulidhani tutakuwa tumerudi kabla ya kivuli kugeuka.

Kabla ya kufika Mpwapwa tairi moja lilipasuka. Jambo hilo si kitu, kila mtu limempata. Lakini dereva alipolitoa lile la akiba, likaonekana halina upepo hata kidogo, nalo limeisha meno kama kizee. Hatukusema neno, naye hakusema. Alilipandisha lile lililopasuka juu ya pikipiki iliyokuwa ikipita, akaenda nalo mjini kuzibwa, nasi tukakaa chini ya mbuyu mpaka saa nne. Viazi viliisha hapo.

Tulipoivuka Mpwapwa tulikuwa na haraka, na haraka ile ndiyo tunayotaka kuisimulia. Njiani kuna korongo. Wageni wa nchi hii huona korongo wakadhani ni barabara pana ya mchanga, kwa maana sehemu kubwa ya mwaka hamna maji. Siku ile pia mchanga ulikuwa mkavu, isipokuwa ulimi mwembamba wa maji katikati, usiofika kifundo cha mguu. Jua lilikuwa kali juu yetu. Lakini juu ya milima, kule nyuma tulikotoka, mbingu ilikuwa nyeusi.

Dereva alisimama ukingoni akatazama. Tukamwambia, "Pita, kijana, siku inakwisha." Maneno hayo tuliyasema sisi wenyewe, wala hakuna mwingine wa kumsingizia.

Akateremka. Magurudumu ya mbele yalipoingia mchangani tulimwona mtoto mmoja mchunga ng'ombe, wa miaka kama 12, akipunga fimbo ng'ambo ya pili. Ng'ombe wake wote alikuwa amekwisha kuwatoa korongoni, nao walisimama juu ukingoni wala hawakunywa. Akapiga kelele kwa Kigogo kwamba maji yanakuja. Sisi tulimtazama, tukautazama mchanga, tukaona ni maneno ya mtoto.

Mama hakubishana na mtu. Alifungua mlango, akashuka, akapanda ukingo polepole kwa fimbo yake, akaketi juu ya jiwe. Akasema, "Nendeni ninyi. Mimi nitapita baadaye."

Nani amwache mama yake juu ya jiwe? Tukawashusha watoto, mama yao akawapandisha, na sisi pamoja na dereva tukaanza kulirudisha gari nyuma. Magurudumu yalizunguka bure, mchanga ukaturukia usoni, na harufu ya kitu kinachoungua ikatoka chini ya gari. Tulisukuma mpaka magoti yakatetemeka. Mwisho gari likapanda. Kisha tukasikia harufu nyingine, harufu ya udongo uliolowa, na sauti kama ya upepo mkubwa, na hapakuwa na upepo.

Maji yalikuja yakiwa na povu la rangi ya kahawia, yakisukuma vijiti mbele yake kama ufagio. Nyuma ya vijiti magogo; nyuma ya magogo mti mzima na mizizi yake. Kwa muda wa kuchota ndoo mbili hivi, pale gari lilipokuwa hapakuonekana tena, na mtu mzima asingesimama. Mtoto wetu mdogo aliushika mkono wetu bila kusema, nasi hatukuwa na la kumwambia.

Wale wa karanga nao, pamoja na vifaru vyao, walikuwa na karakana na maghala Kongwa, na mafuriko ya ghafla yakayachukua. Mwezi wa Desemba mwaka 2009 maji kama hayo yaliivunja reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, hata treni zikasimama kwa miezi. Hayo yote tuliwahi kuyafundisha darasani, pamoja na tarehe zake.

Maji yalipungua baada ya saa tatu. Gari lilikataa kabisa. Klachi ilikuwa imeungua, na dereva akabaki akimngoja fundi kutoka Mpwapwa. Sisi tulivuka kwa miguu, maji yakiwa chini ya goti, mama akiwa mgongoni petu. Ng'ambo, yule mtoto alikuwa bado yupo. Mama akamsalimu, "Mbukwenyi," akampa kitambaa chote cha karanga. Naye akatuitia mjomba wake mwenye mkokoteni wa ng'ombe, uliokuwa ukipeleka kuni Gulwe, tukapanda juu ya kuni. Watoto wasema mpaka leo kwamba hiyo ndiyo sehemu nzuri ya safari.

Tulifika jua likikaribia kuzama, tukasimama mbali na reli kama ilivyo sheria. Hatukungoja sana. Garimoshi lilitokea, likapita, likaisha. Laweza kwenda kilomita 160 kwa saa, na macho ya mtu hayana mwendo huo.

Mtoto wa kati akauliza, "Bibi, mbona hakuna moshi?"

Mama alikuwa bado anatazama lilikopotelea. Akasema, "Limepita kama mtu asiyetaka kusalimiwa." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama litarudi. Tukamwambia kesho litarudi, na kesho kutwa. Akaitikia kwa kichwa.

Tulirudi kwa lori tupu lililokuwa likienda Kibaigwa, mama mbele pamoja na dereva, sisi nyuma tumejifunika turubai. Tulipoingia Kongwa ilikuwa saa tano usiku. Kabla ya kufika kwetu lori lilipunguza mwendo, likasimama, nasi tukadhani kuna tairi tena. Kumbe mama ndiye aliyemwomba dereva. Alitoa mkono dirishani, akaonyesha gizani upande wa kushoto, akatuita tuwaamshe watoto, ili awaonyeshe mahali lilipokuwa likisimama.